Mbwa mkubwa wa ulinzi anaweza kukutia hasara usipomfundisha mapema

KATIKA mitaa ya Manispaa ya Songea kama Msamala, Mjimwema, Bombambili na Ruhuwiko, si ajabu siku hizi kukuta geti limeandikwa kwa rangi nyekundu "Mbwa Mkali". Zamani maandishi hayo yalikuwa ya nyumba za wakubwa na maghala ya kampuni. Sasa yapo hata kwa mfugaji wa kuku wa mayai mwenye banda moja, na kwa mkulima aliyepanga magunia yake ya mahindi sebuleni akisubiri bei ipande.

Sababu inaeleweka. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini, na tangu mavuno yanapoingia hadi bei inapochangamka mwishoni mwa mwaka, mali ya familia nyingi imelala ndani ya magunia. Ukiongeza kuku, nguruwe, pampu ya maji na pikipiki, nyumba ya mkulima wa kawaida ina kitu cha kuibiwa. Mlinzi anadai mshahara kila mwezi, mbwa anadai ugali.

Ndiyo maana wengi wanawaacha mbwa wa kienyeji na kutafuta mbegu kubwa: German Shepherd, Rottweiler, Boerboel wa Afrika Kusini, au machotara wao. Mtoto wa mbwa hufika ndani ya boksi la katoni, amesafiri kwa basi, mdogo na mpole, na nyumba nzima inamshangilia. Miezi mitatu baadaye ana kilo 20. Amemwangusha mtoto wa jirani, ametafuna mpira wa kumwagilia bustani, amefukuza kuku hadi wamesusa kutaga, na kila mgeni anayeingia anarukiwa kifuani kwa miguu yenye matope. Hapo mwenye mbwa hufanya uamuzi ambao, kwa hesabu zangu za uchumi kilimo, ndio wenye gharama kubwa kuliko yote. Anakwenda dukani kununua mnyororo.

Magunia mawili kwa mwaka

Kabla ya kueleza namna ya kumtuliza mnyama huyu, tufanye hesabu kidogo ili msomaji ajue anazungumzia mali ya kiasi gani.

Mbwa aliyekomaa mwenye kilo 35 hivi anahitaji takriban nusu kilo ya unga wa dona kwa siku, pamoja na gramu 100 za dagaa wakavu au kitoweo kingine. Kwa mwaka hiyo ni zaidi ya kilo 180 za unga na zaidi ya kilo 36 za dagaa. Kwa lugha ya Songea, mbwa mmoja anakula karibu magunia mawili ya mahindi kwa mwaka, kabla hujaweka dagaa, chanjo, dawa ya minyoo na dawa ya kupe.

Mwenye magunia 60 ndani akitoa mawili kuyalinda, hiyo ni kama bima ya asilimia tatu na kitu. Si mbaya. Mwenye magunia 10 anatoa asilimia 20 ya alichonacho, na huyo ningemshauri aachane na mbegu kubwa kabisa. Mbwa wa kienyeji aliyechanjwa na kulishwa vizuri atabweka usiku vilevile, na wezi wengi huishia pale wanaposikia kubweka.

Sasa angalia upande wa hasara. Mbwa kijana akiingia bandani asubuhi moja na kuua kuku 10 wa mayai waliokwisha anza kutaga, umepoteza zaidi ya kuku. Kuku wa kisasa aliyetunzwa vizuri hutaga mayai 250 au zaidi kwa mwaka, hivyo kuku 10 ni mayai 2,500, yaani trei 83. Mwizi wa kuku anaweza kuja mara moja kwa mwaka au asije kabisa, lakini mbwa aliyekwisha onja utamu wa kufukuza kuku yupo nyumbani kila siku. Na bado hatujamgusa mwanafunzi anayepita njiani, ambaye nitamrudia baadaye kwa sababu yeye hawezi kuhesabiwa kwa trei.

Kwa nini hatulii

Watu wengi hudhani mtoto wa mbwa anayerukaruka ana kichwa kibovu, au ameshiba kupita kiasi. Ukweli ni kwamba amezaliwa kwa kazi ambayo hajapewa. Mbegu ya German Shepherd ilianza kusajiliwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa wachungaji wa kondoo, waliokuwa wakizunguka kundi kutwa nzima kuzuia kondoo wasiingie shamba la mtu. Rottweiler anatokana na mbwa waliokuwa wakiswaga ng'ombe wa wachinjaji na wafanyabiashara wa mifugo wa mji wa Rottweil. Wanyama hao walichaguliwa kizazi kwa kizazi kwa sababu ya kutochoka, macho ya haraka na hamu ya kukimbiza kinachokimbia. Ukimweka mbwa wa namna hiyo kwenye ua wa mita 20 kwa 20 wenye kuku, watoto na kandambili, naye atajitafutia kazi.

Jambo la pili ni usingizi. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hadi mitatu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Katika nyumba zetu hapati hata nusu yake, maana watoto wakitoka shule wanamchukua, wageni wanamwamsha, na usiku anawekwa nje aanze "kuzoea lindo". Mbwa aliyekosa usingizi huwa kama mtoto mchanga aliyekosa usingizi: hatulii, anauma, anakimbia mviringo jioni kama amepagawa. Wengi wanapomwona hivyo wanazidi kumchezesha ili achoke, naye anazidi kuchanganyikiwa. Dawa ya kwanza ya fujo ni banda lenye kivuli mchana, lisiloingia upepo wa Juni na Julai ambao wakazi wa Songea wanaujua, na amri kwa watoto kwamba mbwa akiwa bandani haguswi.

Kuna pia umri aliochukuliwa. Wauzaji wanapenda kuwatoa mapema kwa sababu kila wiki ya ziada ni chakula. Mtoto wa mbwa akae na mama na nduguze hadi wiki nane. Akiwa nao, akimng'ata mwenzake kwa nguvu mwenzake hulia na kuacha kucheza, na kwa njia hiyo anajifunza kiasi cha nguvu za kinywa chake. Anayetolewa akiwa na wiki tano hajasoma somo hilo, na atakuja kulisomea kwenye mikono ya watoto wako.

Watafiti wa Kimarekani John Paul Scott na John Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya tatu na ya 12 hivi ndipo mbwa anapoamua nini ni cha kawaida duniani na nini ni cha kuogopa. Kitu asichokiona wakati huo, akikiona baadaye anakiona adui. Lakini hapo ndipo mfugaji anapata kigugumizi, kwa sababu katika umri huohuo chanjo za distempa na parvo hazijakamilika, na ardhi ya mitaani waliyopita mbwa wengine ni hatari kwake. Njia ya kati ipo. Mbebe. Mtie ndani ya tenga la baiskeli au kikapu, umpeleke hadi karibu na Soko Kuu, mashine ya kusaga, kituo cha bodaboda, uwanja wa shule wakati wa mapumziko. Akae nawe dakika 10, aone, asikie, ale dagaa wake wawili, mrudi nyumbani. Safari 15 za namna hiyo kabla hajafikisha miezi minne zina faida kuliko geti la chuma.

Mnyororo, giza na fimbo

Kuna imani iliyoenea kwamba mbwa wa ulinzi hutengenezwa kwa kumfunga mchana kutwa, kumfungia gizani, kumnyima watu, na wengine humpa pilipili ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo kweli atakuwa mkali, lakini hatachagua. Atamrarua mwizi, na atamrarua shangazi aliyekuja msibani.

Utafiti uliofanyika katika jiji la Denver, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1994, uliwalinganisha mbwa waliouma watu na wengine wa jirani ambao hawakuwahi kuuma. Waliouma walikuwa na uwezekano karibu mara tatu zaidi wa kuwa mbwa wanaofungwa mnyororo uani. Inawezekana baadhi yao walifungwa kwa sababu walikuwa wakali tayari. Hata hivyo, anayeishi kwenye mita tatu za mnyororo hawezi kukimbia kitu kinachomtisha, na asiyeweza kukimbia hubaki na njia moja.

Fimbo nayo ina tatizo lake. Mbwa hupigwa kwa kawaida baada ya kosa, mara nyingi saa nzima baadaye, naye anaunganisha kipigo na mtu aliyesimama mbele yake, si na kuku aliyekufa. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Porto, Ureno, walichapisha matokeo ya kuwalinganisha mbwa 92 kutoka shule mbalimbali za mafunzo. Waliofundishwa kwa kuvutwa shingo, kukemewa na kuumizwa walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo, na homoni ya msongo katika mate yao ilipanda baada ya somo, tofauti na waliofundishwa kwa zawadi.

Lakini hatuna haja ya kwenda Ureno. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini na baadaye vimelea vya kifua kikuu. Panya hapigwi. Anaposikia mlio mfupi wa "tik" anajua amepatia, anakimbilia kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazijalipuka, na Septemba 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Alistaafu mwaka 2021 na kufa Januari 2022. Kama panya anaweza kufundishwa kwa ndizi hadi akafanya kazi ambayo kosa moja ni kifo, sioni kwa nini mtoto wa German Shepherd wa Mjimwema ahitaji bomba la maji mgongoni kujifunza kukaa chini.

Gunia na usipa

Vifaa vinavyohitajika vipo sokoni Songea. Kwanza ni gunia kuukuu la katani. Pili ni usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa wanaopanda kutoka Mbamba Bay. Osha mchanga na chumvi, kausha tena, kisha vunja kila mmoja vipande vitatu. Hao ndio mshahara wa mbwa wako, na wapunguzwe kutoka kwenye chakula chake cha siku ili asinenepe. Tatu ni kamba ya mita mbili na ukanda wa shingo usiobana.

Chagua neno moja litakalofanya kazi ya ule mlio wa Morogoro. "Safi" linatosha. Lisemwe sekunde ileile mbwa anapofanya unachotaka, kisha kipande kifuate. Kwa siku mbili za mwanzo sema tu "Safi" na kumpa, "Safi" na kumpa, hadi akisikia neno anageuza kichwa.

Sasa tandika gunia pembeni ya mlango wa jikoni, usimame karibu bila kumwita wala kumsukuma. Mtoto wa mbwa ni mdadisi, atakuja kunusa. Akikanyaga tu, "Safi", na kipande kiwekwe juu ya gunia, si mkononi mwako. Ataondoka, atarudi. Akikaa, kipande. Akilala, vipande vitatu mfululizo, kimoja kimoja, polepole. Dakika tano zinatosha, kisha kunja gunia uliweke juu. Lisiachwe chini, maana litakuwa kitu cha kutafuna na si mahali pa kazi.

Rudia mara tatu kwa siku. Baada ya wiki moja wengi huona mbwa akilala mwenyewe gunia linapotandikwa. Hapo ongeza muda kati ya kipande na kipande: sekunde tano, 10, nusu dakika. Kisha ongeza vishawishi. Mtu afungue geti. Mtoto apite akikimbia. Bodaboda isimame nje. Kila akibaki amelala analipwa, akiinuka hakemewi, hapati kitu, na wewe unapunguza ugumu kidogo. Tatizo la wengi hapa ni haraka. Wanatoka kwenye jikoni tulivu moja kwa moja hadi kwenye wageni 10 wa sikukuu, mbwa anashindwa, wanasema njia haifai.

Uzuri wa gunia ni kwamba linabebeka. Mbwa aliyezoea kulala juu yake jikoni, atalala juu yake kwenye baraza la duka, chini ya mwembe shambani, hata kwa daktari wa mifugo. Unakuwa umembebea utulivu wake.

Kuhusu kurukia watu, dawa ni kumnyima anachotafuta. Anaruka ili apate uso na sauti yako. Ukimsukuma na kupiga kelele umempa vyote viwili. Kunja mikono, geuka, angalia pembeni kama humjui. Miguu minne ikigusa chini, "Safi", na kipande chini ardhini. Tabu ni kwamba lazima nyumba nzima ikubaliane. Baba akimgeuzia mgongo na kijana wa kazi akimkumbatia, anayeruka ameshinda.

Maneno nayo yanavuruga. Katika nyumba moja utasikia baba anasema "sit", mama anasema "kaa", watoto "keti", na bibi anamsemesha Kingoni. Wengi hupenda Kiingereza, nadhani kwa kuwa mbwa ni wa kizungu. Yeye hana habari babu zake walitoka wapi. Chagueni neno moja kwa kila jambo, muandike kwenye karatasi, mbandike mlangoni.

Ili kupunguza nguvu zake, tumia pua kuliko miguu. Mwage chakula chake cha asubuhi, ugali uliopoa na kukatwakatwa, kwenye majani ya ua ili autafute. Ficha usipa ndani ya rundo la maganda makavu ya mahindi. Robo saa ya kunusa humchosha kuliko kukimbizwa. Kumkimbiza, kwa kweli, ni hatari. Mifupa ya mbegu kubwa haikomai hadi miezi 12 au 18, na vijana wanaomfunga mbwa wa miezi mitano nyuma ya baiskeli kuelekea Matogoro wanamtengenezea kilema cha nyonga na viwiko.

Kuku hawafundishwi kwa siku moja

Hapa ndipo mfugaji ana cha kupoteza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa mbwa, kufukuza ni malipo tosha. Kuku anapopiga kelele na kuruka, yeye ameshalipwa kabla hata hajamkamata, na usipa wako hauwezi kushindana na hilo. Kwa sababu hiyo kanuni ni moja: asipate nafasi ya kufukuza hata mara moja akiwa mdogo. Banda la kuku liwe na mlango unaofungwa, na mbwa asiachwe peke yake na kuku walio huria hadi apite mwaka mmoja na nusu. Njia ya zamani ya kumfunga kuku mfu shingoni hadi aoze haina msingi. Inamletea nzi na magonjwa, na hajui ni ya nini.

Badala yake, mshike kwa kamba mbali na kuku, hata mita 15, mahali anapowaona lakini bado ana uwezo wa kukusikia. Akiwaangalia halafu akageuza macho kwako, "Safi". Hicho ndicho unachonunua, kule kugeuza macho. Siku nyingine mita 12, kisha 10. Akianza kukaza mwili, masikio mbele, mkia umesimama, umesogea mno, rudi nyuma. Mwishowe tandika gunia umbali wa mita tatu kutoka bandani wakati kuku wanalishwa, naye alale hapo. Kazi hii inachukua miezi, dakika 10 kwa siku. Ukilinganisha na trei 83, ni mshahara mzuri kwa dakika 10.

Meno, magunzi na chokaa

Kati ya mwezi wa nne na wa saba mbwa hubadilisha meno, kutoka 28 ya utoto hadi 42 ya ukubwani, na fizi zinawasha. Lazima atafune. Asipopewa kitu atachagua mwenyewe. Kamba nene iliyolowekwa maji baridi ni nzuri, na mfupa mkubwa mbichi wa ng'ombe anaoweza kuugugunda bila kuumeza.

Usimpe gunzi. Songea magunzi yako kila kona wakati wa kupukuchua, na ni rahisi kumtupia anyamaze. Gunzi halimeng'enywi. Kipande kikimezwa huziba utumbo, mbwa hutapika siku mbili tatu na kufa, isipokuwa apate upasuaji. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika kama vijiti na kuchoma tumbo.

Wapo pia wanaomchanganyia chokaa ya kuku wa mayai au unga wa mifupa ili awe na "mifupa mikubwa". Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, miaka ya 1980, uliofanywa kwa watoto wa mbegu ya Great Dane, ulionyesha kwamba madini hayo yakizidi huharibu ukuaji wa mifupa. Dagaa wazima pamoja na mifupa yao wanatosha. Na mahindi yaliyoota ukungu, yale mnayoona hayafai kwa watu, msimsagie mbwa. Ni mnyama anayedhurika haraka sana kwa sumukuvu.

Miezi ya ukaidi

Mfugaji aliyefanya yote haya atashangaa mwezi wa saba au wa nane mbwa akianza kujifanya hasikii. Asikate tamaa. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba mbwa wa miezi minane humtii mlezi wake kidogo kuliko alipokuwa na miezi mitano, ilhali mtu mgeni anamtii vizuri tu. Ni balehe, na inapita. Rudi kwenye gunia na masomo mafupi, ongeza mshahara. Kumhasi husaidia kupunguza kuzurura, lakini hakumfundishi chochote. Kwa mbegu kubwa mwulize daktari wa mifugo umri unaofaa, kwani kuharakisha kunaweza kudhuru viungo. Mbwa wengi huuzwa kwa bei ya kutupa katika umri huu huu, na kwa mnunuzi mwenye subira hiyo ni nafasi nzuri ya biashara, mradi amwone kwanza akiwa karibu na watoto.

Mwanafunzi anayepita

Nilisema nitamrudia. Mbwa ndiye chanzo cha hadi asilimia 99 ya vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Chanjo ya kwanza itolewe akifikisha miezi mitatu, irudiwe kila mwaka, na kitabu cha chanjo kitunzwe. Kisiwa cha Pemba kilifanikiwa kuutokomeza ugonjwa huo mwaka 2014 baada ya kampeni za chanjo, lakini mwaka 2016 ukarudi kwa mbwa waliotoka nje ya kisiwa, na ikabidi kazi ianze upya hadi mwaka 2018. Anayenunua mbwa aliyeletwa kwa basi kutoka mkoa mwingine adai kitabu hicho kabla hajatoa fedha.

Mtu akiumwa au hata kukwaruzwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akaanze chanjo. Chanjo hiyo ni ya dozi kadhaa kwa tarehe maalumu, na kila tarehe ni nauli na siku ya kazi iliyopotea kwa mzazi. Kwa familia inayotoka kijijini kuja mjini, gharama hiyo inaweza kumeza gunia zima au zaidi, na mwenye mbwa ndiye atakayedaiwa. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, nayo inamgusa anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya mnyama wa hatari aliye mikononi mwake, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa. Bango la "Mbwa Mkali" si kinga ya lolote kati ya hayo.

Msimu wa lori

Kipimo cha kweli cha mbwa wa mkulima wa Songea ni siku mnunuzi anapokuja na lori kupakia. Geti liko wazi saa nne, wapagazi sita wanatoka na kuingia wakikimbia na magunia mabegani, kuna kelele na kuna fedha mkononi. Hata mbwa aliyefunzwa vizuri asiachwe huru siku hiyo. Mzungushe asubuhi na mapema, mpe chakula chake kwa kunusa, kisha mpeleke nyuma ya nyumba kwenye gunia lake kwa kamba, kivulini, akiwa na maji na mfupa, na mtu mmoja wa nyumbani asiyehusika na upakiaji. Kamba ya saa nne yenye mtu pembeni si sawa na mnyororo wa kutwa. Akibweka mara ya kwanza, nenda ukaone alichosikia, mwambie "Safi", mpe kipande, arudi kulala. Mbwa anayejua kwamba taarifa yake imepokelewa habweki hadi jioni. Lori likishaondoka na geti likafungwa, mzungushe kwanza akiwa na kamba, anuse kila alipopita mgeni, ndipo umfungulie.